Asilimia 60 ya nini? Jinsi dawa za mafua ya mzio zinavyopimwa

Mwaka 2016, tiba mpya ya mzio wa paka ilimaliza awamu ya tatu ya majaribio, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho kabla dawa haijaombewa kibali cha kuuzwa. Washiriki walikuwa zaidi ya 1,000. Waliopewa tiba hiyo walipata nafuu kubwa: alama za dalili zao zilishuka kwa karibu asilimia 60. Hata hivyo jaribio lilitangazwa kuwa limeshindwa, na kazi ya miaka mingi ikawekwa kando.

Kulikuwa na kundi la pili. Hawa walipewa kitu kilichofanana na tiba ile lakini kisicho na dawa ndani yake, nao dalili zao zilishuka kwa karibu asilimia 60.

Kisa hiki kinaeleza sehemu kubwa ya mkanganyiko unaozuka kila habari ya dawa ya aleji inapovuma. Leo utasoma kwamba asali inatibu. Kesho utaambiwa kidonge ulichomeza miaka yote hakifanyi kazi, na keshokutwa kwamba kuna sindano zinazong'oa mzio usirudi tena. Chini ya kila habari kuna mtu anayeshuhudia: mimi nilitumia, nikapona. Huenda hasemi uongo hata kidogo. Ila kupona kwake hakutuambii ni nini kilichomponya, na majaribio ya kitabibu yalibuniwa kwa ajili ya kujibu swali hilo.

Mafua yasiyo na virusi

Tuanze na jina. Mafua ya kawaida huletwa na virusi: koo linauma, mwili unachoka, pengine homa kidogo, na baada ya wiki moja au zaidi kidogo yamekwisha. Mafua ya mzio hayana virusi wala hayaambukizi. Ni mwili wenyewe unaokipiga vita kitu kisicho na madhara: chavua ya nyasi au miti, vumbi lenye kinyesi cha utitiri, mabaki ya ngozi na mate ya paka, mbegu za ukungu. Dalili kuu ni nne, nazo ni chafya za mfululizo, pua kuwasha, makamasi mepesi kama maji, na pua kuziba. Mara nyingi macho nayo huwasha na kutoa machozi. Homa haimo. Hali hiyo inaweza kudumu msimu mzima, au mwaka mzima ikiwa kinachoichochea kimejificha ndani ya godoro.

Ugonjwa huu umechunguzwa sana na watu waliougua wenyewe. Daktari John Bostock wa London alieleza dalili zake mbele ya madaktari wenzake mwaka 1819, kisha akatumia miaka mingine 9 kutafuta watu wenye shida kama yake, akaambulia 28. Leo wagonjwa wanahesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Mwaka 1873 Charles Blackley, daktari wa Manchester ambaye naye alikuwa mgonjwa, alichapisha majaribio aliyojifanyia. Alivuta chavua puani wakati msimu wake haujafika, akaugua. Aliikwaruzia ngozini, pakavimba. Alirusha hata tiara zenye vioo vya kunata ili ajue chavua inafika juu kiasi gani. Kabla yake watu walilaumu joto, mwanga wa jua na harufu ya majani. Yeye alikitenga kitu kimoja, akakijaribu peke yake.

Ili kuelewa dawa zinafanya nini, fikiria mtego. Mara ya kwanza chavua inapoingia puani, hakuna kinachotokea. Lakini kwa mtu mwenye uelekeo wa mzio, kinga ya mwili inaitambua chavua ile kama adui na kutengeneza kingamwili za aina ya IgE. Kingamwili hizi ziligunduliwa katika miaka ya 1960 na makundi mawili, la Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani na la Gunnar Johansson na Hans Bennich huko Sweden. Hukaa juu ya seli ziitwazo seli za masti, ambazo zimejaa kwenye utando wa pua. Hapo mtego umetegwa. Chavua ikirudi, mtego unafyatuka, na seli zinamwaga kemikali nyingi, mojawapo ikiwa histamini.

Histamini ni kama ufunguo. Inapoingia kwenye kufuli zake katika mishipa ya fahamu na mishipa ya damu, pua inawasha, inapiga chafya, inachuruzika. Dawa za antihistamini hukaa kwenye tundu la kufuli ili ufunguo usiingie. Ndiyo maana hutuliza chafya na muwasho haraka. Ila kuna wimbi la pili. Saa kadhaa baada ya mtego kufyatuka, seli nyingine za kinga hukusanyika kama watu waliosikia yowe, na utando wa pua unavimba. Pua inaziba. Hapa antihistamini haina nguvu sana, kwa sababu ufunguo wa histamini si tatizo pekee tena. Dawa za kupuliza puani zenye steroidi, yaani kemikali za kutuliza uvimbe, huzuia mkusanyiko huo, nazo huhitaji kutumiwa kila siku, mara nyingi kwa siku kadhaa au zaidi, kabla hazijaonyesha uwezo wake wote. Uchambuzi uliounganisha majaribio 16 na kuchapishwa Uingereza mwaka 1998 ulizishindanisha aina hizi mbili, na dawa za kupuliza zikawashinda ndugu zao wa kumeza kwa dalili nyingi za pua, hasa kuziba.

Wengi wanaosema "dawa ya kupuliza haifanyi kazi" waliitumia siku mbili wakaiacha. Sauti ya neno steroidi nayo inawatisha. Kiasi kinachopulizwa puani ni kidogo sana, na sehemu ndogo tu huingia kwenye damu, hasa kwa dawa za kizazi cha sasa. Si sawa na kumeza vidonge vya steroidi kwa miezi. Kwa watoto wanaoitumia kwa muda mrefu, daktari hufuatilia ukuaji wao, na hilo ni jambo la busara.

Pua haina kipimo

Shinikizo la damu lina mashine yake. Kisukari kina tone la damu. Pua inayowasha ina maneno ya mwenye pua, basi. Vipo vifaa vya kupima upepo unaopita puani, lakini mara nyingi majibu yake hayalingani na anavyojisikia mgonjwa: kifaa kinasema njia iko wazi, mwenyewe anasema amezibwa.

Kwa hiyo watafiti huwapa washiriki shajara. Asubuhi na jioni, kila dalili kati ya zile nne inapewa alama: 0 kama haipo, 1 ikiwa ipo lakini haisumbui, 2 ikiwa inasumbua ila inavumilika, 3 ikiwa inamzuia mtu kulala au kufanya kazi. Jumla ya juu kabisa ni 12. Majaribio mazuri huhesabu pia dawa za dharura alizotumia mshiriki, maana mtu anaweza kuandika alama ndogo kwa sababu tu amemeza vidonge vingine vitatu.

Alama hizo hushuka zenyewe, hata bila dawa, na sababu zinapandana. Watu hutafuta tiba siku pua imewalemea kupita kiasi. Ukianza kuhesabu kwenye siku mbaya kuliko zote, zinazofuata lazima ziwe nafuu. Mvua ikinyesha mfululizo na kuiangusha chavua, kila mtu anapumua vizuri na kila dawa inaonekana ya ajabu. Halafu kuna matarajio: anayeamini ametibiwa huuona muwasho uleule kuwa mdogo. Na ikiwa kinachojaribiwa ni cha kupuliza, hata chupa isiyo na dawa inalowesha pua na kuosha vumbi, kwa hiyo "kitu kitupu" hicho si kitupu sana.

Hapo ndipo plasebo inapoingia. Plasebo ni kidonge, sindano au dawa ya kupuliza iliyotengenezwa ifanane na ile halisi kwa umbo, rangi na ladha, bila dawa yenyewe. Isichanganywe na dawa bandia za magendo. Hii hutolewa kwa uwazi, na mshiriki hutia saini akijua kwamba huenda akaangukia kundi hilo. Anayeamua nani apate nini ni kura, kwa kawaida ya kompyuta. Wangeachiwa washiriki wachague, walio hoi wangekimbilia dawa kali na wenye chafya mbili tatu wangeridhika na chochote, na mwishoni usingejua kama unalinganisha dawa au unalinganisha watu. Kisha mgonjwa na daktari wote hawaambiwi. Mpishi hapewi kazi ya kuutolea alama mchuzi wake.

Kuficha huku si rahisi. Antihistamini za zamani huleta usingizi, na mshiriki anayesinzia mchana amekwisha jua yuko kundi gani. Azelastini, dawa ya kupuliza, ina uchungu unaotambulika ulimini. Ukisoma kwamba jaribio lilifanywa kwa kificho, bado inafaa kuuliza kama siri ilikaa.

Chukua mfano wa kubuni. Kundi la dawa limeanza na alama 8 likashuka hadi 4. Kichwa cha habari kitasema: dalili zapungua kwa nusu! Lakini kundi la plasebo nalo limetoka 8 likafika 5. Mchango wa dawa ni alama 1 kati ya 12. Inawezekana alama hiyo ni ya kweli kitakwimu, yaani haikutokea kwa bahati, na bado mgonjwa asiihisi. Ukikuta asilimia yoyote kwenye habari ya dawa ya aleji, uliza ni asilimia ya nini, na kundi la pili lilipata ngapi. Habari isiyotaja kundi la pili haijakueleza lolote kuhusu dawa.

Asali, godoro, na kidonge cha pua iliyoziba

Hoja ya asali inasikika vizuri: asali ya eneo lako ina chavua ya eneo lako, ukiila kidogo kidogo mwili utaizoea. Mwaka 2002 watafiti wa Connecticut, Marekani, waliijaribu kwa watu 36. Kundi moja lilipewa asali ya eneo lilelile isiyopashwa moto, la pili asali ya dukani iliyochujwa, la tatu sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi lililofanya vizuri kuliko jingine. Nakubali watu 36 ni wachache mno kufunga mjadala. Ila hoja yenyewe ina tundu: chavua inayochosha pua ni ile nyepesi inayobebwa na upepo, ya nyasi na miti fulani, wakati nyuki huchukua zaidi chavua nzito ya maua. Asali ni chakula kizuri, na inatuliza koo. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Kisa cha godoro kinaniuma zaidi, kwa sababu hoja yake ilikuwa imara kweli. Utitiri wa vumbi unaishi kwenye matandiko. Ukilifunika godoro na mto kwa kitambaa kisichopitisha utitiri, unakizuia kichochezi kisikufikie. Nani angepinga? Huko Uholanzi wagonjwa 279 waligawanywa: nusu walipewa vifuniko halisi, nusu vifuniko vya kawaida vinavyofanana navyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya miezi 12, vumbi la utitiri kwenye magodoro yaliyofunikwa lilikuwa limepungua waziwazi. Dalili za wagonjwa? Makundi yote mawili yalipata nafuu, kwa kiwango kilekile. Kichochezi kilipungua na pua haikujali, labda kwa sababu kilichobaki kwenye zulia, viti na nguo kilitosha kuufyatua mtego. Jaribio hilo halikusema usafi hauna maana. Lilisema kufunika godoro peke yake hakutoshi. Tena lilionyesha kwamba hoja inayoingia akilini ni mwanzo wa utafiti, hata kama duka la vifuniko lingependa iwe ndiyo mwisho.

Halafu kuna fenilefrini, iliyomo kwenye vidonge vingi vya mafua vinavyouzwa bila cheti cha daktari kwa ajili ya kuzibua pua. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipitia ushahidi na kupiga kura 16 kwa 0: ikimezwa kwa kipimo kilichozoeleka, haizibui pua. Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za kumeza zinazoruhusiwa kwa kazi hiyo. Wengi walisikia "dawa za mafua ni uongo" au "dawa ile ina sumu". Hakuna kati ya hayo lililosemwa. Swali lilikuwa la ufanisi, si la usalama, na lilihusu kumeza tu. Utumbo na ini huivunjavunja sehemu kubwa ya fenilefrini kabla haijafika puani. Ilidumuje sokoni miongo yote hiyo? Dawa za zamani zilipita kwenye mlango mpana kuliko wa leo, na pua iliyoziba kwa mafua huzibuka yenyewe, basi kila aliyemeza aliona imefanya kazi.

Dawa za kupuliza za kuzibua pua, kama oksimetazolini, ni habari nyingine. Zenyewe zinazibua kweli, tena ndani ya dakika chache. Tatizo ni mtu anayezitumia kwa wiki kadhaa: pua inaziba tena kwa nguvu zaidi kila dawa inapoisha, naye anapuliza zaidi, na mduara unaendelea. Ndiyo maana maelezo yake hutaja siku 3 hadi 5, basi. Dawa hizi na zile za steroidi hukaa rafu moja na chupa zinafanana, na nadhani hofu nyingi za watu kuhusu "dawa za kupuliza zinazoleta uraibu" zimetokana na kuzichanganya.

Sindano za miaka mitatu

Tiba zote nilizotaja huzuia dalili. Ukiacha dawa, dalili hurudi. Ipo moja inayolenga mtego wenyewe. Wataalamu huiita tiba ya kinga: mgonjwa hupewa kiasi kidogo sana cha kile kinachomdhuru, kikiongezwa polepole, hadi kinga yake ijifunze kukivumilia. Leonard Noon aliianza London mwaka 1911 kwa sindano za dondoo la chavua ya nyasi. Alikuwa na dhana kwamba chavua ina sumu na kwamba anawachanja watu dhidi ya sumu hiyo. Dhana ilikuwa na makosa, njia ikawa sahihi. Sayansi ina mambo yake.

Alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1913, John Freeman akaendeleza kazi. Sindano zikaenea na kutumika kwa zaidi ya miaka 40 kwa imani ya madaktari na sifa za wagonjwa. Mwaka 1954 William Frankland na Rosa Augustin ndipo walipochapisha jaribio lenye kundi la kulinganisha kwa wagonjwa 200 wa mzio wa nyasi, na sindano za chavua zikashinda. (Frankland aliishi hadi 2020, akiwa na umri wa miaka 108.)

Ushindi huo haukufuta hatari. Kumdunga mtu kitu kinachomdhuru kunaweza kuleta mshtuko mkali wa mzio. Mwaka 1986 mamlaka ya usalama wa dawa ya Uingereza iliziwekea sindano hizi masharti makali baada ya vifo 26 vilivyohusishwa nazo tangu 1957. Leo hutolewa mahali penye vifaa vya dharura, na mgonjwa husubiri angalau dakika 30 kabla ya kuondoka. Wenye pumu isiyodhibitiwa hawapewi. Tiba hiyohiyo sasa ipo pia kama vidonge vya kuweka chini ya ulimi, ambavyo hatari yake ya mshtuko ni ndogo zaidi, ingawa dozi ya kwanza hutumiwa mbele ya mhudumu wa afya.

Sasa swali la "kung'oa mzio". Nikiombwa kuchagua jaribio moja zuri katika uwanja huu wote, nitachagua lile la London lililochapishwa mwaka 1999. Stephen Durham na wenzake waliwachukua wagonjwa waliokuwa wamekwisha kuchomwa sindano za nyasi kwa miaka 3 hadi 4. Wakapiga kura. Nusu waliendelea na sindano halisi, nusu wakahamishiwa kwenye plasebo bila kujua. Baada ya miaka mingine 3, makundi hayakutofautiana: walioacha walikuwa na nafuu sawa na walioendelea. Kulikuwa pia na kikundi cha wagonjwa ambao hawajawahi kutibiwa kwa sindano, na hao hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Hakuna dawa ya kuzuia dalili, ya kumeza au ya kupuliza, ambayo imewahi kuonyesha kitu kama hicho.

Je, muda ungeweza kufupishwa? Jaribio jingine la London, la mwaka 2017, liliuliza hivyo. Watu 106 waligawanywa kwenye sindano, dawa ya chini ya ulimi, au plasebo, kwa miaka 2, kisha wakaachwa mwaka mzima bila tiba. Ili siri ikae, kila mmoja alipewa sindano na vidonge pia. Kilichotofautiana ni kipi kati yao kilikuwa na dawa. Wakati wa matibabu nafuu ilionekana. Mwaka wa tatu, vidonge havikuwa na tofauti ya maana na plasebo, na sindano zilifuata njia hiyohiyo. Hapo ndipo ushauri wa "usikatishe kabla ya miaka mitatu" unapopata nguvu. Anayetangaza kwamba mzio wako utaondoka kwa sindano chache za mwezi mmoja, jibu lake liko hapa. Na hata kwa waliomaliza, tiba hii hupunguza. Wengi bado hupiga chafya siku za chavua nyingi, ila kwa kiwango kinachovumilika na kwa dawa chache zaidi.

Kupita mtihani si mwisho

Kabla ya awamu ya tatu huwa kuna awamu ya kwanza, watu wachache wakiangaliwa usalama, na ya pili ya kutafuta dozi. Lakini hata waliojaribiwa kwa maelfu hawatoshi kuonyesha madhara yanayompata mtu mmoja kati ya makumi ya maelfu. Terfenadini ni mfano ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda jambo la namna hiyo. Ilikuwa antihistamini ya kwanza maarufu isiyoleta usingizi, ikatumiwa na mamilioni ya watu. Baadaye ikabainika kwamba mtu akiimeza pamoja na dawa fulani za fangasi au za bakteria, ketokonazoli na erithromisini zikiwamo, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika hadi kuua. Ini ndilo huibadilisha terfenadini kuwa kitu kingine kisichougusa moyo, na dawa zile zililizuia ini kufanya kazi hiyo. Ikaondolewa sokoni Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990. Kile "kitu kingine" kikatengenezwa chenyewe kuwa dawa: ndiyo feksofenadini inayouzwa leo.

Monteluka­sti, dawa ya kumeza ya pumu na mafua ya mzio, nayo ilikuwa na miaka zaidi ya 20 sokoni wakati FDA, Machi 2020, ilipoamuru iwekewe onyo la juu kabisa kuhusu mabadiliko ya hisia na tabia, na kushauri kwamba kwa mafua ya mzio itumike pale tu dawa nyingine zimeshindikana au hazifai. Mtu akisema "walisema ni salama, sasa wanasema si salama, hawajui wanachofanya", naelewa hasira yake. Ila onyo hilo lilitokana na ripoti za watumiaji na wauguzaji kuendelea kukusanywa baada ya kibali kutolewa. Isingekuwa hivyo lisingekuwapo.

Jambo moja husahaulika hata na wasomaji makini: nani alijaribiwa. Majaribio mengi ya mafua ya mzio huwaacha nje wajawazito, wazee sana, na wenye magonjwa mengine mazito. Huwachukua watu waliothibitishwa kwa kipimo cha ngozi au damu kwamba wana mzio wa kitu mahususi. Ukimeza dawa hiyohiyo kwa pua inayochuruzika kwa sababu ya moshi, manukato au baridi, ushahidi ule haukuhusu. Mafua hayo hayatokani na mtego wa IgE. Ndiyo maana watu wawili hutumia dawa moja, mmoja akaisifu na mwingine akaapa kwamba ameibiwa hela, na wote wakawa wakweli.

Anayetaka kujua kama dawa yake inamsaidia anaweza kuazima shajara ya watafiti: dalili nne, alama 0 hadi 3, asubuhi na jioni, wiki mbili kabla ya kuanza na wiki kadhaa akitumia kama alivyoelekezwa. Aandike pia alipolala na hali ya hewa. Itakuwa na kundi moja tu, kwa hiyo haitathibitisha kitu, lakini daktari ataisoma kwa faida kuliko kusikia "naona kama kuna nafuu". Na kama shajara inaonyesha pua imeziba upande mmoja tu wiki baada ya wiki, au inatoa damu mara kwa mara, au kifua kinabana na kutoa mluzi usiku, asibadilishe kidonge cha aleji kwa kingine. Hizo mbili za kwanza ni za daktari wa masikio, pua na koo, na ya tatu inaweza kuwa pumu, ambayo ina majaribio yake na dawa zake.